Kabla ya Kukata Uvimbe wa Shingo, Tezi Itafutwe Kwanza

Tunataka utaratibu mmoja uwekwe katika hospitali zote za mikoa ya Lindi na Mtwara, za serikali na za mashirika ya dini. Uvimbe wowote uliojitokeza katikati ya shingo usikatwe mpaka mgonjwa apigwe altrasaundi, na kwenye karatasi ya majibu iandikwe wazi kama tezi ya thairoidi imeonekana mahali pake au haikuonekana. Ni sentensi moja tu. Hatuombi jengo jipya wala mashine ya mabilioni.

Sababu ni hii. Upo uvimbe wa shingo ambao ndiyo tezi yenyewe, imekaa pasipo pake, na mara nyingi mwenye uvimbe huo hana tezi nyingine. Ukikatwa, kidonda kitapona, nyuzi zitatolewa, mgonjwa atarudi nyumbani akishukuru. Baada ya muda ataanza kuzubaa. Uso utavimba, sauti itakwaruza, choo kitakuwa kigumu, atasikia baridi kwenye joto la pwani wakati wenzake wanatafuta kivuli. Mwanamke hedhi yake itavurugika. Mtoto atadumaa: kimo kitasimama na masomo yatamshinda. Wapo watakaosema amerogwa, wapo watakaosema ni mvivu, na hakuna atakayekumbuka kile kinyama kilichotolewa shingoni.

Thairoidi ni tezi ndogo inayokaa mbele ya koo la hewa, chini ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazoendesha kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, ukuaji wa mifupa, ubongo wa mtoto mchanga. Wengi wetu hatujui kwamba tezi hii haianzii shingoni. Mimba ikiwa na wiki tatu hadi nne, thairoidi huchipua kwenye shina la ulimi, kisha hushuka kupitia mbele ya shingo, na ifikapo wiki ya saba huwa imefika kwenye makazi yake. Mara chache safari hiyo hukatika. Tezi hubaki kwenye shina la ulimi, au husimama njiani karibu na mfupa wa hayoidi ulio juu ya kikoromeo, mithili ya abiria wa Mtwara aliyeshushwa njiani, Somanga. Kati ya kesi kumi za tezi iliyopotea njia, kama tisa hukutwa kwenye ulimi. Na kati ya wenye tezi ya ulimini, saba katika kila kumi au zaidi hawana thairoidi nyingine popote mwilini.

Tezi iliyokwama hivyo mara nyingi ni dhaifu wa kazi. Hujitahidi, na ikizidiwa huvimba. Ndiyo maana hujitokeza zaidi mwili unapodai homoni nyingi, yaani msichana anapovunja ungo na mama anapobeba mimba. Wanawake wanaopatwa ni wengi kuliko wanaume.

Hali hii ni adimu, na hatutaki kumtisha mtu. Vitabu vya tiba hukadiria mtu mmoja kati ya 100,000 hadi 300,000. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 katika Mkoa wa Lindi, kwa hiyo kwa hesabu hiyo tunazungumzia watu wanne hadi kumi na wawili mkoa mzima. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini tuandike tahariri nzima kwa ajili ya watu hao. Tunajibu kwamba hesabu hiyo ni ya wale waliogundulika. Uchunguzi wa miili ya watu waliokufa kwa sababu nyingine umekuta mabaki ya tezi kwenye njia ile ya kushukia katika watu wazima saba hadi kumi kwa kila mia. Tena tezi ikishatolewa hairudishwi. Lililo kubwa zaidi ni kwamba kipimo tunachodai kitawafaa watu wengi mno wenye uvimbe wa aina nyingine, kama tutakavyoonyesha.

Udaktari ulijifunza jambo hili kwa maumivu. Mwaka 1869 tabibu aliyeitwa Hickman aliandika habari za mtoto mchanga aliyekufa kwa kukosa pumzi saa 16 baada ya kuzaliwa, akiwa na tezi kwenye shina la ulimi. Miaka iliyofuata, huko Bern nchini Uswisi, Theodor Kocher alisifika kuliko wote kwa kukata rovu, yaani goita, bila mgonjwa kufia mezani. Kisha akafanya jambo ambalo madaktari wengi hawalifanyi hata leo: akawaita wagonjwa wake wa zamani awatazame. Mwaka 1883 akatangaza alichokiona. Wale aliowaondolea tezi yote, wengi wao walikuwa wamedhoofika mwili na akili, na vijana miongoni mwao hawakurefuka tena. Kocher aliacha kuondoa tezi yote kwa uvimbe usio saratani, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel. Huko Uingereza, George Murray alionyesha mwaka 1891 kwamba mwanamke aliyekosa homoni hiyo anaweza kurudishiwa uhai wake kwa maji ya tezi ya kondoo, na mwanamke huyo akaishi miaka 28 zaidi. Ikiwa elimu hiyo ilipatikana wakati ule, hakuna udhuru wa mgonjwa wa Lindi kupoteza tezi yake leo kwa sababu hakuna aliyetazama kwanza.

Sasa tuje nyumbani. Mkazi wa Mingoyo mwenye uvimbe shingoni anasimama pale Mnazi Mmoja na barabara zinagawanyika mbele yake. Ya Lindi inampeleka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine. Ya Masasi inampitisha Nyangao, kwenye hospitali ya misheni, na mbele zaidi Ndanda, ambako Wabenediktini wapo tangu 1906. Ya Mtwara inamfikisha Ligula, na sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Mtu wa Liwale hana nafasi kama hiyo. Lakini barabara zote hizo hazitamsaidia wa Mingoyo kama swali la kwanza atakaloulizwa ni siku gani ataweza kulazwa.

Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Uvimbe hauumi, kwa hiyo unangoja. Unangoja msimu wa korosho, fedha zikipatikana mgonjwa anakuja akitaka jambo moja: kitolewe. Au hospitali ya wilaya inapata kambi ya madaktari bingwa. Kambi hizo tunaziunga mkono kwa moyo wote, zimewafikishia watu huduma ambayo wangeifuata Dar es Salaam kwa nauli ya kukopa. Ila kambi ina siku chache na foleni ndefu, na uvimbe mdogo wa katikati ya shingo unaonekana kazi ya nusu saa. Hapo ndipo kipimo kinaporukwa. Tunaomba waandaaji wa kambi wahakikishe wagonjwa wa shingo wanapigwa altrasaundi wiki moja kabla, majibu yawe mezani daktari bingwa anapofika.

Kazi inaanzia zahanati, na haihitaji umeme. Tabibu amwambie mgonjwa ameze mate, kisha atoe ulimi nje kadiri awezavyo. Goita ya kawaida hupanda mgonjwa anapomeza. Uvimbe unaopanda pia ulimi unapotolewa umetokana na ile njia ya kushukia tezi. Kisha amwambie afungue kinywa, aukandamize ulimi na kumulika kwa tochi hadi kwenye shina. Kidonge chenye rangi nyekundu iliyoiva au ya zambarau, katikati kabisa, nyuma ya ulimi, kisiguswe kwa kisu wala kwa koleo. Kina damu nyingi. Amuulize kama anakabwa akilala, kama chakula kinamkwama, kama amewahi kutema damu. Baada ya hapo aandike rufaa, na ndani ya barua aandike alichokiona.

Tunawageukia hapa wazazi na mafundi wa kukata kimeo. Mtoto akikohoa sana, au akikataa kula, bado wapo wanaompeleka kwa fundi. Kukata kimeo ni hatari hata mtoto akiwa hana tatizo jingine: damu, usaha, pepopunda. Fundi akikuta kinyama cha ajabu nyuma ya ulimi na akakijaribu kwa wembe, mtoto anaweza kufia mikononi mwake. Aliyeona kitu kisichoeleweka kooni mwa mtoto ampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Uvimbe wa katikati ya shingo unaoonekana mara nyingi zaidi kwa watoto ni mfuko wa maji uliobaki kwenye njia ya tezi. Huo una tiba nzuri. Mwaka 1920 Walter Sistrunk wa Mayo Clinic, Marekani, alieleza upasuaji unaoondoa mfuko pamoja na kipande cha kati cha mfupa wa hayoidi na mkia wa njia ile hadi karibu na ulimi. Ukitolewa mfuko peke yake, hurudi mara kwa mara. Ukifanywa upasuaji wa Sistrunk, hurudi kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya kumi. Shida ni kwamba kwa macho na kwa vidole mfuko huo na tezi iliyokwama vinafanana sana. Kati ya watu mia wanaodhaniwa wana mfuko wa maji, mmoja au wawili hukutwa kumbe ni thairoidi. Hao ndio tunaowasemea. Altrasaundi huonyesha kama ndani mna maji au nyama, na kwa dakika chache zaidi huonyesha kama chini, kwenye makazi yake, tezi ipo. Mashine ileile inayomtazama mtoto tumboni hufaa, ikiwekewa kichwa cha kutazama vitu vilivyo karibu na ngozi. Vichwa hivyo vinunuliwe kwa hospitali zisizo navyo. Hiyo ni bajeti ambayo mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuitetea mbele ya madiwani bila kutafuta maneno.

Kipimo cha pili ni damu, homoni ya TSH. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huitoa ili kuisukuma thairoidi ifanye kazi. TSH ikipanda, maana yake tezi inalemewa. Damu inaweza kuchukuliwa wilayani na kusafirishwa, mgonjwa akabaki kwake.

Kipimo cha tatu ni skani ya nyuklia, na hapa hatudai kisichowezekana. Skani hiyo hutumia tekneti-99m, dawa yenye mionzi ambayo nusu yake huisha kila baada ya saa sita, kwa hiyo haiwezi kuwekwa stoo ikingoja mgonjwa wa mwezi ujao. Inahitaji kituo chenye wagonjwa wa kila siku. Kwa watu wa kusini hiyo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 450 kutoka Lindi, kwenye barabara ambayo Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipopiga, ilikatika Somanga na kuwaacha abiria njiani. Mgonjwa apelekwe huko pale tu altrasaundi ikikosa tezi mahali pake na swali likabaki wazi. Wengi hawatahitaji safari hiyo.

Uvimbe wa pembeni ya shingo una hukumu tofauti kabisa, na tunaomba usichanganywe na huu. Kwetu huku, matezi ya pembeni huleta kwanza fikra ya kifua kikuu, na ni sawa, kwa kuwa kifua kikuu cha tezi za limfu ni cha kawaida. Zipo pia VVU, saratani ya tezi za limfu na maambukizi ya meno. Lakini kumwanzishia mtu dawa za miezi sita bila kunyonya seli kwa sindano na kuzipima ni kubahatisha. Tena sindano ikileta seli za thairoidi kutoka pembeni ya shingo ya mtu mzima, asiambiwe kwamba ni tezi iliyozaliwa hapo. Hiyo ichukuliwe kuwa saratani ya thairoidi iliyosambaa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saratani hiyo ikiwahiwa hutibika kuliko nyingi tunazozijua, na mgonjwa aliyezungushwa mwaka mzima kwa dawa za kifua kikuu amepokonywa nafasi hiyo.

Tuiseme na chumvi. Mikoa ya Lindi na Mtwara inavuna chumvi ya bahari, na wavunaji wengi ni wadogo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kula iwekwe madini joto, na taifa lilivuna matunda: utafiti wa mwaka 2004 kwa wanafunzi wa shule za msingi ulikuta goita kwa takriban asilimia 7, kutoka takriban asilimia 25 ya miaka ya 1980. Hata hivyo, kwenye tafiti za kaya mikoa yetu miwili imekuwa ikitajwa mkiani kwa matumizi ya chumvi yenye madini joto. Kukaa ufukweni hakutoshi. Mwili ukikosa madini joto, thairoidi yoyote huvimba, iliyo mahali pake na iliyopotea njia. Kila goita inayozuilika kwa chumvi ni mgonjwa mmoja aliyepungua kwenye foleni ile ya altrasaundi.

Na tezi ikishagundulika imekaa pasipo pake, tiba yake mara nyingi ni ya upole. Kama ni ndogo, haikabi, na TSH iko sawa, huachwa, mgonjwa akipimwa damu mara moja au mbili kwa mwaka. Kama TSH imepanda, hupewa levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, na uvimbe wenyewe hunywea taratibu kwa miezi kwa sababu tezi imeondolewa mzigo. Kisu hubaki kwa anayekabwa, anayetokwa damu, asiyeweza kumeza, au pale inapodhaniwa kuna saratani, jambo ambalo kwa tezi ya namna hii hutokea kwa nadra sana. Upasuaji huo ni wa hospitali kubwa yenye bingwa wa koo na mtaalamu wa usingizi aliyejiandaa kwa njia ya hewa ngumu. Na kama ndiyo tezi pekee, mgonjwa aambiwe kabla ya kulala kwenye meza kwamba atameza kidonge maisha yake yote, na aandikiwe dawa hiyo kabla hajaruhusiwa kutoka wodini.

Kidonge hicho ni kimoja kwa siku, asubuhi, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Wajawazito wakumbuke: vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki huzuia dawa hii isiingie mwilini vikimezwa pamoja. Viachane kwa saa nne. Pia mjamzito huhitaji dozi kubwa zaidi, kwa hiyo amweleze mkunga mapema. Bohari ya Dawa, Kanda ya Mtwara, ihakikishe levothairoksini haikatiki. Mtu wa Mingoyo asilazimike kupanda basi hadi Dar es Salaam kwa dawa ya kila siku.

Yupo mgonjwa mwingine asiyeweza kujisemea. Kati ya watoto 2,000 hadi 4,000 wanaozaliwa, mmoja huzaliwa thairoidi yake haifanyi kazi ipasavyo, na katika nchi zenye madini joto ya kutosha chanzo kinachoongoza ni tezi iliyokwama njiani. Mtoto huyo anaweza kuzaliwa akionekana mzima kabisa. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, atakua na kusoma kama wenzake. Akicheleweshwa miezi, ubongo umeshaumia na haurudi. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza kuwapima watoto wote mwaka 1974, kwa tone la damu ya kisigino kwenye karatasi. Tanzania bado haina mpango wa kitaifa wa namna hiyo. Lakini karatasi za damu kavu tunazo, na njia ya kuzisafirisha hadi maabara tunayo: ndiyo inayotumika kupima VVU kwa watoto wachanga. Wizara ya Afya ianze na hospitali za mikoa, ikiwemo Sokoine, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itumike kulipia kipimo hiki ndani ya kitita cha msingi. Dawa ya maisha ya mtoto mmoja ni nafuu mno kuliko ulemavu wa maisha.

Waganga Wakuu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara wana uwezo wa kutoa waraka mmoja unaohusu upasuaji wa shingo bila kungoja Dodoma. Tunawaomba wautoe mwaka huu. Na wewe msomaji, ukiambiwa kwamba uvimbe wa shingo yako au ya mwanao utolewe, kabla ya kutia saini karatasi ya ridhaa muulize daktari: tezi yangu ya thairoidi imeonekana mahali pake? Kama hakuna altrasaundi iliyolijibu swali hilo, omba upigwe kwanza, kisha ndipo usaini.